Mchezo wa kompyuta una nakala ya akiba, mahesabu ya duka hayana

KAMPALA — Katika ofisi nyingi ndogo za biashara mjini hapa, kompyuta iliyo mezani hufanya kazi mbili. Mchana huandikiwa ankara, hati za forodha na orodha ya wadaiwa. Jioni, foleni ya magari ikiwa bado imeziba njia za kutoka mjini, kijana wa ofisi huifungua tena na kuendelea na mchezo wake wa mpira pale alipouachia jana.

Cha kushangaza ni kwamba kati ya kazi hizo mbili, iliyo salama zaidi ni ile ya jioni. Mchezo kama Football Manager hujihifadhi wenyewe kila baada ya kipindi ambacho mchezaji amekichagua. Mchezaji akiwa ameununua kupitia huduma ya Steam, ambayo ilianza kuhifadhi mafaili ya wachezaji kwenye seva zake mwaka 2008, anaweza kuiachia huduma hiyo itunze nakala nje ya kompyuta. Kompyuta ikiibwa usiku, kesho yake kijana ataingia kwa nywila yake kwenye mashine nyingine na kuikuta timu yake ikiwa nafasi ile ile kwenye ligi.

Mwajiri wake hataikuta orodha ya wadaiwa.

Hilo si suala la teknolojia ngumu wala la fedha nyingi. Mbinu zinazotumiwa na wachezaji kulinda mafaili yao zinafaa kwa mahesabu ya duka na kwa makabrasha ya msafirishaji, na nyingi zimo tayari ndani ya Windows bila malipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzipanga zifanye kazi zenyewe, bila kumtegemea karani akumbuke.

Ukaguzi wa miaka mitano nyuma

Kabla ya kueleza namna ya kufanya, ni vizuri kuona kinachopotea. Mfanyabiashara anaweza kudhani kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta za Mamlaka ya Mapato Uganda (URA), kwa hiyo yeye hana haja ya kutunza. Dhana hiyo ina ukweli nusu.

Ni kweli kwamba tangu Januari 2021 walipa kodi waliosajiliwa kwa VAT wanatakiwa kutoa ankara na risiti kupitia mfumo wa EFRIS, ule uliowafanya wafanyabiashara wa Kampala kufunga maduka kwa siku kadhaa Aprili 2024 wakiupinga. Ankara iliyopita EFRIS ina namba yake na inaonekana kwa URA. Vile vile, matamko ya forodha yako kwenye mfumo wa ASYCUDA World, na tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha uanze mwaka 2014, mzigo wa Kampala hulipiwa kodi ungali Mombasa.

Lakini EFRIS haijui kwamba mteja wa Arua alichukua mali kwa mkopo na amelipa theluthi. Haijui makubaliano ya bei na muuzaji wa Guangzhou, wala haina nakala ya uhamisho wa fedha wa benki unaothibitisha kwamba bei iliyoandikwa kwenye ankara ndiyo iliyolipwa kweli. Na hicho ndicho mkaguzi hukitaka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha uwezo wa kudai vitabu na hati za mzigo ndani ya miaka mitano tangu uingizwe au usafirishwe. Sheria ya taratibu za kodi ya Uganda nayo inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano baada ya kipindi cha kodi kinachohusika.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipa kodi. Akipewa tathmini asiyokubaliana nayo, ana siku 45 za kuwasilisha pingamizi. Siku hizo si nyingi kwa mtu ambaye anatakiwa kwanza kumtafuta wakala wa forodha aliyekwisha hama jengo, kisha kumwandikia muuzaji wa China ambaye hajibu, ili apate nakala ya hati aliyokuwa nayo kwenye kompyuta iliyokufa.

Kwa msafirishaji hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hati zake ni za vipande vipande: tiketi za mizani, hati ya kurudisha kontena tupu, karatasi iliyogongwa muhuri na mpokeaji wa Juba au Goma kuthibitisha kwamba mzigo umefika. Bila karatasi hiyo ya mwisho mteja halipi nauli. Mzigo wa kupita nchini ukikosa ushahidi kwamba ulitoka, dhamana iliyowekwa forodhani haifungwi na kodi inaweza kudaiwa kana kwamba bidhaa ziliuzwa Uganda. Ufuatiliaji wa mizigo kwa njia ya elektroniki umepunguza mabishano ya aina hiyo lakini haujayamaliza.

Moto, maji na flashi

Kampala imepata mafunzo ya kutosha. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, liliungua Februari 2009 na limepata moto tena zaidi ya mara moja baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941, liliteketea pamoja na ofisi zilizokuwa na kumbukumbu. Tarehe 26 Machi 2025 mvua ya saa chache iliigeuza mitaa ya Kampala kuwa mito na kuua watu kadhaa. Anayefanya biashara karibu na mfereji wa Nakivubo hahitaji kuelezwa maji yanafika wapi.

Hata hivyo, majanga makubwa ndiyo yanayoandikwa magazetini, na si yanayopoteza mafaili mengi. Wauaji wa kila siku ni wadogo: diski ya kompyuta iliyochakaa, umeme unaokatika faili likiwa wazi, mwizi wa kompyuta ya mkononi kwenye teksi, karani anayefuta folda akidhani ni ya zamani, na virusi. Kila aliyewahi kupeleka flashi kwenye duka la kuchapa nyaraka anavijua vile virusi vinavyoficha mafaili na kuacha alama za njia ya mkato. Hivyo ni usumbufu tu. Virusi vya utekaji ni jambo jingine: huyafunga mafaili yote kwa ufunguo wa siri kisha hudai fidia. WannaCry, vilivyosambaa kuanzia tarehe 12 Mei 2017, vilifika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache.

Kiuchumi ni rahisi kuelewa kwa nini watu hawajikingi. Gharama ya kutengeneza nakala ni ndogo lakini ya leo na ya hakika. Hasara ni kubwa lakini ya siku isiyojulikana. Binadamu akiwekewa mambo hayo mawili mbele yake huahirisha, na ataahirisha tena kesho kwa hesabu ile ile. Ndiyo maana agizo la bosi kwamba "kila Ijumaa nakili kwenye flashi" hudumu wiki tatu. Ijumaa ya nne karani yuko kwenye msiba, ya tano flashi imeazimwa, ya sita hakuna anayekumbuka.

Dawa ni kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa mtu.

Kwanza ijulikane mali iko wapi

Wachezaji wa michezo ya kompyuta waligundua tatizo hili mapema. Kila mchezo huficha faili la maendeleo mahali pake: mmoja huliweka kwenye folda ya Documents, mwingine kwenye AppData ambayo Windows huificha isionekane, mwingine kwenye folda ya Saved Games. Anayenakili "kila kitu kilicho kwenye Desktop" huokoa njia za mkato tu. Ndipo zikatokea programu kama GameSave Manager na Ludusavi, ambazo zina orodha ya maelfu ya michezo na mahali kila mmoja unapoficha mafaili yake. Zikiendeshwa, huyakusanya yote na kuyapeleka kwenye folda moja ya akiba.

Programu za mahesabu zina tabia hiyo hiyo, ila hakuna aliyeziandalia orodha. TallyPrime, kwa kawaida, huweka data kwenye C:\Users\Public\TallyPrime\data, ndani ya folda yenye namba badala ya jina la kampuni. Karani akiiona folda inayoitwa 100000 haoni sababu ya kuihurumia. QuickBooks ya kompyuta hutumia faili lenye herufi QBW mwishoni, na faili hilo linaweza kuwa popote alipoliweka fundi siku ya kwanza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo haifanywi na mashine, ni kukaa na fundi nusu saa na kuandika kwenye karatasi: mahesabu yako hapa, ankara zilizoskaniwa ziko hapa, hati za forodha ziko hapa, barua pepe ziko hapa. Vitu vitano au sita tu. Windows, Tally yenyewe na programu nyingine hazihitaji kunakiliwa, maana zinaweza kuwekwa upya. Kinachookolewa ni kile ambacho hakiuzwi dukani.

Hapa pana mtego kwa wale wanaotegemea File History, huduma ya nakala iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Ni nzuri na ikiwashwa hunakili kila saa, tena hutunza matoleo ya zamani. Lakini huangalia hasa folda za mtumiaji kama Documents, Desktop na Pictures. Folda ya Tally iliyotajwa hapo juu haimo. Mtu anaweza kuona alama ya kijani mwaka mzima huku mahesabu yake hayajawahi kunakiliwa hata siku moja.

Faili lililo wazi

Jambo la pili linawapotosha hata mafundi. Faili la mahesabu ni kama daftari ambalo watu watatu wanaliandikia kwa wakati mmoja. Likinakiliwa katikati ya kuandikwa, nakala hutoka na ukurasa mmoja wa jana na mwingine wa leo, na siku ya kulifungua programu hulikataa. Ni sawa na mchezaji anayenakili faili la mchezo wakati mchezo wenyewe unalihifadhi: hupata faili lenye ukubwa sahihi ambalo halifunguki.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza iachiwe programu yenyewe ya mahesabu. Tally ina amri ya Backup kwenye menyu ya data, na humwuliza mtumiaji nakala iende wapi. QuickBooks ya kompyuta inaweza kuagizwa itengeneze nakala yenyewe kila kampuni inapofungwa mara kadhaa, idadi akiichagua mwenye mali. Zote zielekezwe kwenye folda moja, tuseme D:\BEKAPU. Kisha Windows ndiyo ipewe kazi ya kuichukua folda hiyo, pamoja na hati zilizoskaniwa, na kuzipeleka nje.

Kosa linalofanana na hilo ni kuliweka faili hai la QuickBooks moja kwa moja ndani ya folda ya OneDrive au Dropbox ili "lijihifadhi lenyewe mtandaoni". Huduma hizo hujaribu kupakia faili kila linapobadilika, na faili la mahesabu hubadilika kila dakika. Matokeo yake ni nakala zinazogongana au faili lililoharibika. Kinachotakiwa kupanda mtandaoni ni nakala iliyofungwa, si daftari linaloandikwa.

Saa ya kunakili

Tangu Windows Vista kuna amri inayoitwa robocopy, na kuna Task Scheduler, ambayo ni ratiba inayoweza kuamuru kompyuta ifanye jambo kwa saa fulani. Mbili hizo zinatosha duka la kawaida. Amri ya mstari mmoja, robocopy "D:\BEKAPU" "E:\BEKAPU" /E, hunakili folda yote na zilizo ndani yake kwenda diski E, na safari zinazofuata huchukua mafaili mapya na yaliyobadilika tu. Fundi huiandika kwenye faili dogo na kuiambia ratiba ilifungue kila siku. Hata Ludusavi ya wachezaji inaweza kuendeshwa kwa ratiba hiyo hiyo.

Tahadhari moja. Kuna mafundi wanaopenda kuweka /MIR badala ya /E. Herufi hizo huifanya diski ya pili iwe kioo cha ya kwanza, na kioo huonyesha hata aibu: faili likifutwa kwa bahati mbaya saa tano asubuhi, saa saba mchana kioo nacho hulifuta. Kwa mtu anayetaka akiba, huo ni mkasi mikononi mwa mtoto.

Mwongozo wa mafundi wa Ulaya husema nakala ifanyike saa nane usiku, wakati hakuna anayetumia mashine. Kampala saa nane usiku duka limefungwa, swichi kuu imezimwa na mlinzi, au vipande vya Yaka vimekwisha. Ratiba ya hapa iwe saa ya chakula cha mchana au mara baada ya mtu kuingia asubuhi. Ndani ya Task Scheduler kuna kisanduku kinachoagiza kazi iliyokosa saa yake ifanyike mara mashine itakapowashwa; kisipowekwa alama, siku ya umeme kukatika hupita bila nakala na hakuna anayejua. Kifaa cha kutunza umeme kwa dakika kumi, kile kinachoitwa UPS, kinastahili bei yake hata kama kazi yake ni kumpa karani nafasi ya kufunga Tally kwa utaratibu.

Nakala ngapi, za siku gani

Wachezaji hawahifadhi juu ya faili moja tu. Huwa na nafasi kadhaa, kwa sababu wanajua kwamba kosa linaweza kugunduliwa baada ya mechi tano, na wakati huo nakala ya mwisho nayo ina kosa lile lile. Mahesabu ni hivyo hivyo. Karani aliyefuta malipo ya mteja tarehe 3 hugundulika tarehe 28, benki inapoleta taarifa yake. Mwenye nakala moja ya jana ana kosa safi lililohifadhiwa vizuri.

Utaratibu wa zamani, uliotumika hata enzi za kanda za sumaku, unaitwa babu, baba na mtoto. Ziwepo folda za siku za wiki, Jumatatu hadi Jumamosi, kila moja ikiandikwa upya wiki inayofuata. Ziwepo nakala nne za mwisho wa wiki. Na ya mwisho wa kila mwezi iwekwe ikiwa na tarehe katika jina lake, isiguswe kwa miaka mitano ya sheria, na heri ikaongezwa mwaka mmoja juu yake.

Kuhusu mahali, kanuni inayokubalika ni ile ya tatu, mbili, moja, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh katika miaka ya 2000: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Kwa duka la Kikuubo maana yake ni kompyuta, diski ya nje, na mahali pa tatu ambapo moto wa jengo hilo haufiki.

Diski ya nje isikae imechomekwa siku zote. Virusi vya utekaji havichagui. Hufunga kila diski vinayoiona. Njia rahisi ni kuwa na diski mbili za kupokezana. Moja iko kazini wiki hii, nyingine iko nyumbani kwa mwenye mali, na Jumamosi zinabadilishana. Anayeona diski mbili ni gharama ailinganishe na alicholipa mara ya mwisho kontena lilipochelewa kurudishwa.

Mtandao, na siku usipokuwepo

Mahali pa tatu panaweza kuwa mtandaoni. Hesabu ya ukubwa ifanywe kwanza. Tuseme ofisi inaskani hati 40 kwa siku, kila moja kilobaiti 300. Hizo ni megabaiti 12 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni gigabaiti 3.6 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni gigabaiti 18. Google hutoa gigabaiti 15 bure, ambazo hugawanywa na barua pepe na picha. OneDrive hutoa 5. Kwa hiyo bure itafika karibu mwaka wa nne kisha itagoma, na barua pepe za ofisi zitagoma pamoja nayo. Kwa upande mwingine, hati za miaka yote hiyo huingia kwenye flashi moja ya gigabaiti 32.

Megabaiti 12 kwa siku si mzigo kwa bando, hata baada ya serikali kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data Julai 2021 badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Kinachokula bando ni kupakia upya faili zima la mahesabu kila siku. Nakala ya mahesabu ipande mara moja kwa wiki, hati zipande kila siku.

Ila mtandao usiwe tegemeo la pekee. Uganda ilizimiwa intaneti kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021 hadi tarehe 18, kipindi cha uchaguzi mkuu. Tanzania nayo ilizima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, na huduma ilichukua siku kadhaa kurejea. Lori lililokuwa Mutukula siku hizo halikuweza kusubiri hati ishuke kutoka seva ya Ulaya. Aliyekuwa na diski mezani alichapa karatasi yake.

Ni lazima pia kutofautisha kulandanisha na kuhifadhi. Google Drive au OneDrive inayolandanisha folda hufanya kazi kama kile kioo: ukifuta hapa, hufutika kule. Faili hukaa kwenye kapu la taka siku 30 kisha huondoka. Na tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili, jambo linalowahusu waliofungua akaunti ya "bekapu", wakaijaza na kuisahau.

WhatsApp ya dereva

Kwa wasafirishaji, sehemu kubwa ya kumbukumbu haiko kwenye kompyuta kabisa. Dereva akifika Goma hupiga picha karatasi iliyogongwa muhuri na kuituma kwa WhatsApp. Ofisi huiangalia, hujibu "sawa", na picha hubaki kwenye simu ya mtu. Simu ikiibwa Malaba au ikitumbukia ndani ya maji, ushahidi wa nauli ya miezi minane umekwenda nayo.

WhatsApp haitunzi picha hizo kwa ajili ya ofisi. Ujumbe ukishafika kwenye simu hauhesabiwi kuwa wa seva tena. Kwenye simu za Android nakala ya WhatsApp huenda Google, na tangu mwaka 2024 ukubwa wake huhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15. Picha za harusi na video za vichekesho zikijaza nafasi hiyo, nakala husimama, na aliyekuwa akiitegemea huwa wa mwisho kujua.

Jibu la bei nafuu ni WhatsApp ya kompyuta: karani afungue ya ofisi kila jioni, ashushe picha za siku hiyo na kuziweka kwenye folda yenye namba ya safari na namba ya lori. Kuanzia hapo ratiba ya robocopy huzichukua kama mafaili mengine. Hii ni kazi ya mkono, na mashine haiwezi kuifanya vizuri kwa sababu haijui picha ipi ni ya safari ipi. Lakini ni kazi ya dakika kumi, na kampuni inayodai nauli kwa karatasi ina sababu ya kuilipia.

Nani ana ufunguo

Akaunti ya nakala isifunguliwe kwa jina la karani wala kwa namba yake ya simu. Kampuni ambayo akaunti yake hutuma namba ya uthibitisho kwa mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi haina akaunti. Barua pepe iwe ya kampuni, namba iwe laini ya ofisi, na nywila iandikwe kwenye karatasi iliyo ndani ya sefu au kwa mtu wa ukoo anayeaminika, kwa sababu wenye mali nao hufariki, na warithi hukuta diski iliyofungwa.

Diski inayokwenda nyumbani ifungwe kwa nywila. Ina nakala za pasipoti za madereva na taarifa za wateja, na Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu mwaka 2019. Matoleo ya Windows ya nyumbani hayana BitLocker kamili, lakini programu ya bure ya 7-Zip hufunga folda kwa nywila barabara. Nywila hiyo ikipotea, hakuna fundi atakayeifungua, hata alipwe nini.

Jaribio

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza programu za watengenezaji wa dunia nzima, ilifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva yake kuu. Ilikuwa na njia tano za nakala. Ilipozifungua, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyotarajiwa, na nakala iliyotumika mwishowe ilikuwa imechukuliwa kwa mkono saa sita kabla. Kampuni yenyewe ilieleza jambo hilo hadharani. Kama wao yaliwafika, duka la Nabugabo halina sababu ya kuamini alama ya kijani.

Mchezaji hujua nakala yake ni nzima kwa sababu huifungua na kucheza. Mfanyabiashara afanye vivyo hivyo mara moja kila robo mwaka: achukue diski ya nyumbani, aichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Tally, arejeshe nakala ya mwezi uliopita kwenye folda tupu, si juu ya mahesabu ya leo, kisha alinganishe salio la mteja mmoja na karatasi iliyochapwa. Afungue pia hati tatu za forodha za miaka mitatu iliyopita. Zoezi lote huchukua chini ya saa moja, na siku nzuri ya kulifanya ni Jumapili, kompyuta ya pili ikiazimwa kwa jirani.

Likishindikana, fundi aitwe Jumatatu, na orodha ile ya karatasi ya mahali mafaili yalipo ianzwe upya, kwa kuwa mara nyingi kosa huwa hapo: programu ilihamishwa kwenda diski nyingine miezi mitano nyuma, na ratiba imekuwa ikinakili folda tupu kila siku saa saba mchana.